Spika za mezani Biharamulo: boksi linauza wati, mteja anahitaji betri

Spika ndogo ya Bluetooth husafiri mbali kabla ya kufika rafuni Biharamulo. Hutoka kwenye viwanda vya kusini mwa China, hushushwa bandari ya Dar es Salaam na kuuzwa kwa jumla Kariakoo. Kutoka hapo hupakiwa kwenye basi au lori kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Dodoma, Singida, Kahama na Nyakanazi. Kila anayeupokea mzigo huo huongeza nauli na faida yake, na juu ya hayo ipo VAT ya asilimia 18. Mwenye duka wa wilayani hubaki na nafasi finyu ya kushusha bei, hivyo ushindani huhamia kwenye maandishi ya boksi. Hapo ndipo mteja anapoumia.

Soko lenyewe lipo. Biharamulo ni wilaya ya mahindi, tumbaku na dhahabu, na mgodi wake wa Tulawaka ulichukuliwa na shirika la umma la STAMICO mwaka 2013. Nyakanazi ni njia panda ya malori ya Kahama, Kigoma na mipaka miwili ya Ngara: Rusumo kwenda Rwanda na Kabanga kwenda Burundi. Fedha ya msimu ikiingia, sabufa hununuliwa kwa ajili ya sebule na baa. Spika ndogo ina mteja mwingine: fundi cherehani, wakala wa miamala, karani, mwalimu anayesahihisha madaftari. Huyu husikiliza kutwa nzima, kwa sauti ya chini, spika ikiwa mezani karibu yake. Anataka taarifa ya habari isikike vizuri, na chaji ikae umeme ukikatika.

Sasa tazama anachouziwa. Boksi la spika inayoenea kiganjani limeandikwa wati 50, na ndani yake mna betri ya volti 3.7 yenye miliampea 1,200 kwa saa. Zidisha: betri hiyo inabeba nishati ya takriban wati 4.4 kwa saa moja. Kama spika ingetoa wati 50 kweli, chaji ingeisha ndani ya dakika sita. Namba ya boksi mara nyingi ni ile inayoitwa PMPO, yaani kilele cha kufumba na kufumbua, na haimwambii mteja lolote kuhusu kazi ya kila siku. Linganisha na JBL Go 4, ambayo watengenezaji wake wanatangaza wati 4.2 na muda wa hadi saa saba, au Soundcore 2 ya Anker inayotangazwa kwa wati 12 na saa 24. Kampuni hizo zina maabara na jina la kulinda, na bado zinaandika namba ndogo. Kwa usikilizaji wa mezani, mara nyingi spika haitumii hata wati moja.

Kinachoamua maisha ya spika ni betri, na ukweli wake huonekana mezani kwa fundi simu. Akifungua skrubu nne za mfuniko, mara nyingi hukuta betri ya mviringo aina ya 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Iliyo nzuri huwa na uzito wa gramu 45 hivi na hubeba miliampea 2,000 hadi 3,500. Ukikuta ya ukubwa huo imeandikwa 9,900, ujue umedanganywa. Uzuri wa aina hii ni kwamba inabadilishika: fundi anachomelea nyaya mbili na spika inarudi kazini. Spika iliyogandishwa kwa gundi, betri ikichoka, kwa kawaida huishia jalalani.

Tundu la chaji nalo ni jambo la fedha. Chagua la Type-C, ili waya wa simu utumike hapo pia. Usisahau redio ya FM. Wilaya jirani ya Ngara ina Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, na kuisikiliza kwenye FM hakuli bando. Spika kadhaa za majina makubwa, zikiwemo hizo mbili nilizozitaja, hazina FM. Spika za bei ya chini nyingi zinayo. Mwenye kuishi kwa redio alipime hilo kabla ya kufuata jina.

Bei nayo itazamwe kwa miezi. Chukua mfano wa spika ya shilingi 30,000 inayokufa baada ya miezi sita: imekugharimu 5,000 kwa mwezi. Ya shilingi 90,000 ikidumu miaka mitatu, umelipa 2,500 kwa mwezi. Lakini hesabu hiyo huharibika pale unapouziwa feki kwa bei ya orijino. Tume ya Ushindani, FCC, ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ila malalamiko yasiyo na risiti ya EFD hayana miguu.

Wafanyabiashara wa Biharamulo na Ngara wana nafasi ambayo Kariakoo haina: wanakutana na mteja wao kila wiki. Dukani wawe na spika moja ya kujaribia, waseme betri ni ya aina gani, na watoe waranti ya maandishi hata ya miezi mitatu. Duka la namna hiyo litauza bila kushusha bei.

Kwako mnunuzi: iwashe spika kabla ya kulipa, cheza taarifa ya habari badala ya muziki wa besi, ipandishe sauti hadi mwisho usikie kama inapasuka, kisha uliza kama betri inabadilishika. Muuzaji asipokuruhusu kuijaribu, ondoka na hela yako.