Kabla hujapeleka sarafu ya babu kwa sonara

Mnapogawana vitu vya marehemu babu, si ajabu kukuta sarafu ya zamani imefungwa kwenye kitambaa. Ikiwa ya njano, wengi hukimbilia kwa sonara. Naye anaiweka kwenye mizani na kutaja bei ya gramu.

Mzazi mwenzangu, subiri kidogo.

Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, meli za Waingereza zilikuwa zimefunga pwani yetu na fedha kutoka Ujerumani zikawa haziingii. Wajerumani wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba, wakapiga sarafu za rupia 15 kwenye karakana ya reli mjini Tabora. Upande mmoja yuko tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake milima, na chini mwaka 1916 na herufi T, yaani Tabora. Kwa kazi ya karakana ya treni, tembo huyo kachorwa vizuri ajabu. Zilipigwa 16,198 tu. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji.

Dhahabu safi iliyomo ni kama gramu 5.4. Lakini mkusanyaji wa Ulaya au Marekani hanunui gramu. Ananunua uchache wake, tembo wake na historia yake, kwa hiyo hulipa mara kadhaa ya bei ya dhahabu. Ikiyeyushwa ikawa hereni, hayo yote yamekwisha.

Adimu zaidi ni riyali za dhahabu za Sultani Barghash wa Zanzibar, za mwaka 1299 Hijria (1882). Hizo hata wakusanyaji wakubwa wengi huziona pichani tu.

Usishangilie mapema lakini. Tabora hiyohiyo ilipiga heller 20 za shaba ya njano, nazo zina 1916 na T. Ziko nyingi na si dhahabu. Soma namba kwanza: 15 RUPIEN au 20 HELLER?

Na usiisugue kwa majivu wala limau. Mkusanyaji huitaka na uzee wake, na mikwaruzo hushusha bei. Mtu akija mtaani na habari za "rupia ya Mjerumani" yenye nguvu za ajabu, huyo mfungie geti.

Ipige picha pande zote mbili, ipime uzito, weka kwenye grupu la ukoo, kisha linganisha na bei za minada mtandaoni. Ni mali ya mirathi, hivyo shangazi wa Temeke na baba mdogo wa Kinondoni waione kabla ya mnunuzi.