Pima Chakula, Usikisie

Mama anasema: «Mtoto wangu anakula vizuri.» Lakini mtoto anakonda. Je, mama anadanganya? Hapana. Watoto watano wanakula katika sahani moja. Wakubwa wanakula upesi, mdogo anapata kidogo. Mama ameona sahani imekwisha; hakuona ni nani aliyeimaliza.

Basi, wewe unayetumwa kuuliza habari za chakula nyumbani mwa watu, fanya hivi:

1. Pima unga kwa mizani mbele ya kupika. Bugali huwa na maji mengi. Maji yanaongeza uzito, hayaongezi nguvu.

2. Usisahau mawese. Gramu 100 zina kalori karibu 900, kupita mara mbili ya unga wa muhogo.

3. Siku ya kupima, mpe mtoto sahani yake. Pima chakula chake, kisha pima kilichobaki.

4. Uliza habari za vitu vilivyoliwa njiani: ndizi, muwa, karanga.

5. Rudi siku kadhaa. Mgeni akifika, watu wanapika vizuri kuliko desturi yao.

Usimkaripie mama. Akiogopa, atakuambia maneno ya kukupendeza tu, na mtoto atabaki na njaa yake.