Kelele Ndiyo Bidhaa: Uchumi wa Redio za Maneno Makali Malindi na Kilifi

Redio ya Pwani huishi kwa saa nne za siku. Kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi, matatu zikijaza abiria wa Mtwapa na Mombasa, tuktuk za Malindi zikiwa na redio wazi na mbaazi zikipakuliwa vibandani, ndipo kituo kinapotafuta kodi ya mlingoti, pesa za stima, mafuta ya jenereta na mishahara. Saa zinazosalia hujazwa muziki, salamu na mahubiri. Anayekabidhiwa maikrofoni asubuhi amekabidhiwa duka zima. Na anayeonekana kulijaza wateja duka hilo ni mtangazaji mchokozi: yule anayemkatiza mgeni, anayemtaja mwakilishi wa wadi kwa jina, anayeuliza hewani jambo ambalo majirani huulizana kwa mafumbo.

Lawama nyingi humwangukia yeye na malezi yake. Lakini ukipitia hesabu za biashara hii, utaona kwamba uchokozi wake umeagizwa na namna muda wa redio unavyonunuliwa na kulipiwa huku kwetu.

Tuanze na soko lenyewe. Sensa ya 2019 iliwahesabu wakazi 1,453,787 katika kaunti ya Kilifi, wengi wao wakiishi mbali na lami, kule Ganze, Magarini na Kaloleni, ambako gazeti halifiki na televisheni ni ya mwenye umeme. Kwa watu hao redio ndiyo chombo cha habari. Wanaowania masikio yao ni wengi: Pwani FM ya shirika la KBC, Bahari FM ya Royal Media Services, Baraka FM, Radio Kaya inayozungumza lugha za Wamijikenda, Radio Rahma na Radio Salaam kwa Waislamu, na juu yao vituo vikubwa vya Nairobi kama Radio Citizen, Radio Maisha na Radio Jambo. Capital FM ilipoingia hewani Nairobi mwaka 1996, redio ya kibinafsi ilikuwa jambo geni nchini. Leo Kenya ina vituo vya FM zaidi ya 200.

Wingi huo haukuja na wingi wa wateja. Kampuni kubwa za sabuni, unga na simu hununua matangazo kupitia mawakala wa Nairobi, na wakala hununua kwa takwimu za usikilizaji. Katika utafiti wa nchi nzima, wasikilizaji wa Magarini ni wachache mno kuweza kukipa kituo kidogo nambari ya kuaminika. Hoteli za Watamu na Malindi, ambazo ndizo sekta inayong'aa kuliko zote katika kaunti, huuza vyumba kwa Waitaliano, Waingereza na Wakenya wa bara; hazina haja kubwa ya sikio la mkulima wa Vitengeni. Kwa hiyo wanaobaki mlangoni ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi, zahanati ya kibinafsi, sacco, shule inayosaka wanafunzi, serikali ya kaunti, mhubiri, mganga na mwanasiasa.

Mteja wa namna hii haombi takwimu. Huomba kusikia kwamba watu wanasikiliza, na ushahidi alio nao meneja wa kituo ni simu. Laini zikiita mfululizo, jumbe za WhatsApp zikimiminika, kipande cha ugomvi wa studio kikizunguka Facebook hadi jioni, meneja ana risiti ya kumwonyesha mwenye duka. Mjadala mtulivu kuhusu bei ya korosho, hata ukiwafaa maelfu ya wakulima, hauachi risiti. Wanasikiliza, wanaelewa, wanaondoka kwenda shambani bila kupiga simu. Msikilizaji aliyekasirika ndiye anayepiga. Soko lisilo na kipimo kingine limeigeuza hasira kuwa kipimo, na mtangazaji yeyote mwerevu hujua jambo hilo mapema sana kazini.

Tena mara nyingi yeye mwenyewe hana mshahara wa kutegemea. Katika vituo vidogo si ajabu mtangazaji kulipwa kamisheni ya matangazo anayoyaleta, au posho isiyomfikisha katikati ya mwezi. Yeye ndiye anayesoma habari, anayewahoji wageni na anayewafuata wateja mjini mchana ili walipie kipindi. Mtu wa hali hiyo hawezi kumuuliza maswali magumu mteja wake. Ukali wake wote huelekea kwa asiyelipa.

Mapato mengine nayo yamekuwa yakiyumba. Machi 2024 serikali kuu iliagiza matangazo yake ya redio na televisheni yapelekwe KBC pekee. Kisha mwishoni mwa Aprili 2025, Bodi ya Kudhibiti Michezo ya Kamari ikasimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, katika nchi ambayo kampuni za kubashiri zilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa redio. Nakubaliana na bodi hiyo, kwa sababu nimeona vijana wa bodaboda wakiteketeza pesa za siku nzima kwa kubashiri. Hata hivyo kituo kilichopoteza mteja mmoja kama huyo huingia asubuhi inayofuata kikihitaji kelele zaidi.

Isidhaniwe kwamba uchokozi wa redio ni jambo jipya Pwani. Kuanzia 1954, wazee wetu walitegea masafa mafupi kumsikia Ahmed Rashad Ali, mtu wa Unguja, akiutukana ukoloni wa Kiingereza kwa Kiswahili kutoka Cairo. Waingereza walihangaika hadi wakaiendesha redio ya Sauti ya Mvita kutoka Mombasa ili kuwavuta wasikilizaji wa Pwani upande wao. Serikali ya Misri ndiyo iliyolipia ukali wa Cairo na serikali ya kikoloni ikalipia majibu. Hakuna aliyeuza sabuni kati ya kipindi na kipindi. Baada ya uhuru, sauti iliyotawala ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, alianza kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966 na kukiendeleza kwa miongo mingi, akikosoa tabia za watu bila kumvunjia mtu heshima. Alipofariki Februari 2025, wengi waliuliza kwa nini hakuna wa kumrithi. Jibu moja ni kwamba redio ya taifa ilimlea mtangazaji kwa mshahara, na haikumtaka athibitishe kila asubuhi kwamba simu zimeita.

Hata hivyo sitamsuta mtangazaji mkali kwa jumla, kwa sababu Kilifi ina mambo yanayohitaji mtu wa kuyasema kwa sauti. Ardhi ni la kwanza. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwaacha maelfu ya watu wakiishi kama maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Kule Gongoni na Kurawa, wakazi na kampuni za chumvi wamevutana kwa miaka, hadi Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikafanya uchunguzi wa hadhara katikati ya miaka ya 2000. Mei 2024 wakazi wa Uyombo waliandamana kupinga mpango wa kujenga mtambo wa nyuklia karibu na bahari wanayovua na msitu wa Arabuko-Sokoke, wakakabiliwa na polisi. Mwezi huohuo, marufuku ya muguka iliyotangazwa Mombasa na Kilifi iligawanya kila maskani. Katika mambo kama haya, mtangazaji anayemfuata afisa kwa swali lilelile mara tatu hadi apate jibu anafanya kazi ambayo mabaraza ya chifu hayaifanyi. Mwanamke wa Marafa anayepiga simu kuuliza kwa nini shamba lake limewekewa alama za mawe hana wakili. Ana laini ya simu na mtu wa studio asiyeogopa.

Mvuto wake uko hapo, na ni mvuto wa haki. Pwani tumelelewa kusema kwa kupita pembeni, kumwambia mtu kwa kumsema mwingine. Kuna raha kubwa ya kumsikia mtu akiyataja mambo wazi, kwa Kiswahili chetu au kwa Kigiriama, mbele ya mkubwa ambaye amezoea kupigiwa makofi.

Lakini maikrofoni hiyohiyo inaweza kuua, na hapa Kilifi hilo si neno la kutisha watu tu. Kwa miaka mingi wazee wa kaunti hii wamekatwa mapanga na kuchomewa nyumba kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba linalotakiwa kurithiwa haraka. Kaya Godoma, kule Ganze, imekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa na watoto wao wenyewe. Sheria ya Uchawi ya 1925 inafanya kuwa kosa kumshutumu mtu kuwa mchawi. Sasa fikiria mpigaji simu asiyejitaja, katika kipindi kisicho na mhariri, akimtaja mzee wa kijiji fulani kwa jina la ukoo, na mtangazaji akicheka kwa sababu laini zinawaka. Mzee huyo hana namba ya studio, na kijiji kizima kimesikia.

Kuna kifaa cha kuchelewesha matangazo kwa sekunde chache ili mtu wa mitambo aweze kukata sauti kabla haijatoka. Kituo kisicho na kifaa hicho, wala mtu wa pili studioni, kinarusha simu za wageni hewani kwa bahati. Kwangu mimi hilo ni sawa na matatu kupakia abiria bila breki, na halipaswi kupata leseni.

Wenye leseni wana sheria za kutosha. Kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano zinataka vipindi vya kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku vifae familia nzima. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaweka faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu kwa matamshi ya chuki. Lakini adhabu iliyouma zaidi katika miaka ya karibuni ilitoka kwa mnunuzi. Machi 2021, watangazaji wa Homeboyz Radio jijini Nairobi walimlaumu hewani mwanamke aliyedaiwa kusukumwa kutoka ghorofa ya 12. Mamlaka ilikitoza kituo shilingi milioni moja na kukisimamisha kipindi kwa miezi sita. Kampuni ya bia ya EABL ikajiondoa katika udhamini, na watangazaji watatu, Shaffie Weru akiwemo, wakapoteza kazi. Marekani waliyaona hayo mapema: mtangazaji Don Imus aliondolewa na CBS mwaka 2007 baada ya wadhamini kumkimbia, na mwenzake Rush Limbaugh, aliyekuwa na mkataba wa takriban dola milioni 400, alikimbiwa na wadhamini kadhaa mwaka 2012 ingawa kipindi chake kilinusurika.

Dawa hiyo ya wadhamini kujiondoa hufanya kazi pale mteja anapokuwa na jina la kulinda. Kilifi, mteja mkubwa wa msimu ni mgombea, na mgombea hakimbii kelele. Huzinunua. Uchaguzi mdogo wa Malindi wa Machi 2016, ulioipa ODM ushindi baada ya vita vikali na Jubilee, ulionyesha jinsi eneobunge moja linavyoweza kuvuta pesa na wakubwa wa nchi nzima kwa wiki kadhaa. Katika majira kama hayo huibuka wapigaji simu wa kudumu, wenye sauti zinazojulikana, na si siri katika biashara hii kwamba baadhi yao hutumwa na kulipiwa kredi. Mtangazaji wa kamisheni hukaa katikati, akiamua nani asikike na nani akatwe.

Kenya inajua pia mwisho mbaya wa njia hii. Joshua arap Sang, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi cha Kass FM, alifikishwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kuhusiana na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Kesi yake ilifungwa Aprili 2016 bila hatia kuthibitishwa. Miaka miwili na zaidi ya kusikilizwa mjini The Hague ilitosha kumwonyesha kila mwenye kituo kwamba maneno ya asubuhi yana gharama isiyoandikwa katika bei ya tangazo.

Kuna muuzaji mwingine wa maneno makali ambaye haitwi mtangazaji. Mhubiri Paul Mackenzie, anayekabiliwa na mashtaka kuhusu vifo vya zaidi ya watu 400 katika msitu wa Shakahola, mashtaka aliyoyakana, aliwahi kuwa na kituo chake cha Times TV hapa Malindi. Miili ilipoanza kufukuliwa Aprili 2023, maswali mengi yalikuwa juu ya polisi na makanisa. Machache yaliulizwa juu ya soko la muda wa hewani, ambapo mwenye pesa za kulipia saa nzima hujihoji mwenyewe na kujijibu.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Kabla wagombea hawajaanza kubisha hodi kwenye vituo, yapo mambo ambayo wamiliki wanaweza kuyafanya kwa gharama inayobebeka: kumpa mtangazaji wa asubuhi mshahara wa mkataba, kumtenganisha na kazi ya kutafuta matangazo, kununua kifaa cha kuchelewesha sauti, na kutangaza hewani ni nani aliyelipia kipindi. Serikali ya kaunti nayo, ikiwa miongoni mwa wateja wakubwa, ichapishe kila robo ya mwaka ni kituo gani kimepata tangazo gani na kwa shilingi ngapi. Bunge la kaunti linaweza kudai orodha hiyo katika kikao chake kijacho.