Usalama na Ulinzi wa Mitambo: Neno Moja Lisilotosha

Mfanyakazi wa mgodi wa Katanga asikiapo neno usalama huwaza kofia ngumu, buti na king'ora. Raia wa Lubumbashi asikiapo kwamba watu wa usalama wamefika mtaani, huwaza jambo jingine kabisa. Neno ni lile lile. Kifaransa na Kiingereza vina maneno mawili kwa mambo hayo: kuwakinga watu wasidhuriwe na mtambo, na kuukinga mtambo usidhuriwe na watu. Kiswahili mara nyingi huridhika na moja, na kwa muda mrefu upungufu huo haukumsumbua mtu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwa nini sasa unasumbua. Katika maelezo yafuatayo tutatumia usalama kwa maana ya kwanza, na ulinzi kwa maana ya pili.

Kabla ya kuingia katika kiini cha mada, hapana budi tueleze mtambo wa leo unavyoendeshwa. Zamani pampu au swichi kubwa ya umeme ilifunguliwa kwa mkono wa mtu aliyesimama mbele yake. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta ndogo iliyofungwa kabatini karibu na mtambo. Hupokea vipimo vya joto, shinikizo au kimo cha maji, huvilinganisha na maagizo iliyopewa, kisha hufungua au kufunga valvu. Tuiite kidhibiti. Vidhibiti vingi huunganishwa hadi chumba kimoja, ambako mwendeshaji hutazama kiwanda kizima katika kioo. Vidhibiti vya awali viliundwa vitii tu: agizo lolote lililofika kwa njia yao lilihesabiwa kuwa la bwana wao, kwani nani angedhani kwamba mgeni angefika huko? Chumba hicho kilipounganishwa na ofisi ya uhasibu, na ofisi ikaunganishwa na intaneti, mgeni alipata njia.

Katika Katanga swali la nani ashike swichi ni la zamani kuliko njia hiyo. Mwaka 1982 ulianza kutumika mkondo wa umeme kutoka Inga, karibu na mdomo wa mto Kongo, hadi Kolwezi: kilomita 1,700 hivi, kwa msongo wa kilovolti 500 wa mkondo mnyoofu. Jimbo lilikuwa tayari na maporomoko yake, na vituo vya Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke vilikuwa vikifua umeme tangu enzi ya Wabelgiji. Wachambuzi wengi wameeleza kwamba serikali ya Mobutu, ikikumbuka kujitenga kwa Katanga kati ya 1960 na 1963, ilitaka swichi ya migodi iwe mbali na Katanga. Mkondo huo ukapita juu ya vijiji vingi bila kuviwashia taa, maana umeme wa namna hiyo hautolewi njiani ila kwa kituo ghali cha kuubadili. Hoja yetu hapa si siasa ya Mobutu. Ni kwamba mtambo unaoamriwa kutoka mbali huwa na mabwana wawili: mwenyewe, na yeyote atakayeweza kujifanya mwenyewe.

Hayo yalidhihirika Ukraine tarehe 23 Desemba 2015. Wavamizi waliokuwa wameingia miezi kadhaa kabla kwa barua pepe za hila walivamia makampuni matatu ya kusambaza umeme. Waendeshaji walishuhudia kishale kikitembea chenyewe katika kioo, kikizima kituo kimoja cha kupozea umeme baada ya kingine. Wateja wapatao 225,000 walikaa gizani kwa saa kadhaa. Umeme ulirudishwa na mafundi walioingia magarini, wakaenda vituoni na kuwasha swichi kwa mikono.

Msomaji ataweza kusema kwamba giza la saa chache halimtishi mtu wa Lubumbashi, aliyelizoea. Na atazame Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka mjini. Uchimbaji ulikuwa umesimama tangu 1993, lakini pampu ziliendelea kuyazuia maji. Mwaka 2011 zikashindwa kwa kukosa matengenezo. Maji yakapanda hadi mita 851 chini ya uso wa ardhi, na kuyashusha tena hadi penye kituo cha pampu, katika kina cha mita 1,200 hivi, kulichukua mpaka Desemba 2013. Pale hapakuwa na adui, bali uzembe tu. Lakini pampu iliyozimwa na adui ingeleta maji yale yale.

Mwaka 2017, katika kiwanda cha mafuta na kemikali nchini Saudia, wavamizi walivifikia vidhibiti ambavyo kazi yake pekee ni kuzima mtambo kabla haujalipuka. Kwa bahati, vidhibiti hivyo viligundua hitilafu vikaufunga mtambo, na hila ikafichuka. Hapa maana mbili za neno letu zinakutana: ulinzi ulipovunjwa, usalama wa wafanyakazi ndio uliolengwa. Ndiyo maana meneja anayeambiwa kwamba "usalama upo", akahesabu kofia na vizimamoto, hajajibiwa.

Kinga zenyewe si siri. Mtandao wa mitambo utengwe na ule wa ofisi, japokuwa utengo pekee hautoshi: kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa 2010, kiliweza kufika katika mitambo ya Natanz, Iran, iliyotengwa na intaneti, kwa kubebwa na vijiti vya kumbukumbu. Maneno ya siri ya kiwandani yabadilishwe. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na vifaa vingi vya nyumbani kwa kujaribu majina na maneno hayo tu, takriban 60. Fundi wa ng'ambo afunguliwe mlango kwa saa ya kazi yake, kisha ufungwe. Aidha, kitufe cha kusimamisha mtambo kiwe na waya wake usiopitia kompyuta.

Linabaki lile la mafundi wa Ukraine. Kuwasha kituo kwa mikono kunahitaji hatua zilizoandikwa na kufanyiwa mazoezi, nazo zapaswa kuandikwa kwa lugha ambayo mlinda pampu wa zamu ya usiku huisoma bila kusitasita. Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi katika makambi ya Union Minière kabla hakijapata kamusi ya teknolojia. Orodha hiyo yaweza kuanzia kwa maneno yaliyomo humu, kidhibiti, usalama na ulinzi, yakijaribiwa kwanza kwa wenye mitambo yenyewe.