Nchi Jirani: Alama ya Taifa na Sauti ya Mgeni

Tarehe 9 Julai mwaka 2011 bendera ya Sudan ya Kusini ilipandishwa mjini Juba, na Afrika ikapata taifa jipya. Kabla ya mwezi huo kwisha, ujumbe usio wa kawaida ulikuwa umekwisha kuwasili mjini humo. Haukuwa ujumbe wa mabalozi wala wa wafanyabiashara. Ulikuwa wa watu waliotoka nchi mbalimbali, waliobeba nguzo, nyaya na mitambo ya redio. Wakazungumza usiku na mchana na wenzao wa kila bara. Walipofungasha mizigo yao mwezi Agosti, walikuwa wamewasiliana na vituo vingine zaidi ya mara laki moja.

Watu hao huitwa wanaredio wa ridhaa. Kama vile mchezaji wa ridhaa achezavyo mpira bila mshahara, mwanaredio wa ridhaa hurusha mawimbi kwa kupenda tu. Sheria za kimataifa humkataza kufanya biashara hewani, na humkataza kuficha maana ya ujumbe kwa lugha ya siri. Aidha, hana budi kuwa na leseni ya serikali na kujitambulisha kwa alama aliyopewa.

Alama hiyo ndiyo yenye uzito wa kisiasa. Kila taifa hugawiwa herufi na tarakimu zake na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, lenye makao yake Geneva. Wakati wa ukoloni, vituo vya Tanganyika vilianza na VQ3, vya Kenya VQ4 na vya Uganda VQ5, kwa kuwa V na Q zilikuwa herufi za makoloni ya Uingereza. Uhuru ulipopatikana alama hizo zilifutwa. Tanzania ikawa 5H, Kenya 5Z na Uganda 5X. Rwanda ni 9X, Burundi ni 9U, na Sudan ya Kusini ikapewa Z8. Kwa hiyo alama hiyo ni bendera ya aina yake, ila huonekana kwa masikio.

Kazi yenyewe huanza mezani, wala haianzi hewani. Mwanafunzi huchukua pasi ya kulehemia, risasi, transista chache, koili aliyoizungusha kwa mkono wake, na kipande cha fuwele kinachotikisika kwa kasi isiyobadilika. Kutokana na vitu hivyo huweza kuunda mtambo mdogo wa wati 5, yaani nguvu iliyo chini ya ile ya taa nyingi za nyumbani. Kisha hukata waya wa shaba. Kwa masafa ya megahezi 14, urefu wa wimbi moja ni kama meta 21. Nusu yake, kiasi cha meta 10, ndiyo antena. Huukata waya huo katikati, akauunganisha na mtambo, na kuuning'iniza baina ya miti miwili. Akikosea hesabu, mtambo hubaki bubu. Akipatia, wimbi hupaa hadi tabaka za juu za anga, hurudishwa chini kama mpira uliogonga ukuta, na kutua Ulaya au Asia. Mafunzo ya namna hii hayapatikani kwa kununua kifaa kilichofungwa tayari dukani.

Baada ya kuunda huja kushindana. Mashindano maarufu kuliko mengine, yaitwayo CQ World Wide, yalianzishwa mwaka 1948. Hufanyika wikendi ya mwisho ya Oktoba kwa sauti, na ya mwisho ya Novemba kwa alama za Mose. Kwa saa za Afrika Mashariki huanza saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi na kuendelea kwa saa 48. Kila kituo hupeana na kingine taarifa ya usikivu na namba ya kanda. Dunia imegawanywa katika kanda 40. Tanzania, Kenya na Uganda zimo katika kanda ya 37, ilhali Burundi na Rwanda zimo katika kanda ya 36, ingawa Kigoma na Bujumbura zanywa maji ya ziwa moja.

Kuwasiliana na bara jingine huleta pointi 3. Kuwasiliana na nchi nyingine ya bara hilohilo huleta pointi 1. Lakini jumla ya pointi huzidishwa kwa idadi ya nchi na kanda zilizopatikana. Hapo ndipo nchi yenye vituo vichache hugeuka kuwa lulu. Alama ya 9U isikikapo hewani, mamia ya vituo vya Ulaya, Japani na Marekani huiita kwa pamoja.

Swali ni hili: nani anayeijibu miito hiyo? Mara nyingi ni mgeni. Kama ilivyokuwa Juba mwaka 2011, ndivyo ilivyokuwa Burundi mwaka 2013: wageni walikuja na mitambo yao, wakarusha mawimbi kwa idhini ya serikali, wakaondoka. Hawakutenda kosa lolote. Hata hivyo, alama ya taifa ikisemwa na wageni peke yao, wenye taifa hubaki wasikilizaji katika masafa yao wenyewe.

Wapo watakaouliza kama mchezo huu una faida yoyote kwa nchi zenye haja ya maji na zahanati. Jibu lilipatikana katika Bahari ya Hindi. Mwezi Desemba mwaka 2004 kikundi cha wanaredio wa ridhaa wa India kilikuwa Port Blair, katika visiwa vya Andaman, kwa ajili ya burudani hiihii. Tarehe 26 tetemeko na mawimbi ya tsunami, ambayo yalifika hata pwani ya Afrika Mashariki, yalikata mawasiliano ya visiwa hivyo. Wanaredio hao waliacha mchezo mara moja, wakaanza kupeleka habari za walionusurika kwa jamaa zao.

Ni kweli kwamba mtambo wa kurushia mawimbi huweza kuzusha hofu. Uingereza yenyewe iliwanyang'anya raia wake haki hiyo ilipoingia vitani mwaka 1939, ikairudisha baada ya vita. Lakini mwenye leseni ana jina, anwani na alama inayojulikana. Msaliti hajitangazi kwa dunia nzima.

Kenya ina chama chake cha redio za ridhaa, nacho kimo katika umoja wa kimataifa wa vyama hivyo ulioundwa Paris mwaka 1925. Huo ni mfano wa kufuatwa na majirani. Shule yenye pasi ya kulehemia, mwalimu mmoja na waya wa meta 10 yaweza kuanza. Mataifa ya eneo hili yalipigania haki ya kuwa na alama zao. Iliyobaki ni kuwafundisha vijana wao kuzitamka.