Figo Huumia Kimya: Wingi wa Mkojo Si Dalili ya Uzima

Watu wengi huamini kwamba mtu akipata choo kidogo bila taabu, basi figo zake ni nzima. Imani hiyo imewaponza wengi. Mgonjwa aweza kukojoa kila siku sawa na jirani zake, na kumbe damu yake imejaa taka ambazo figo zimeshindwa kuzitoa. Maji yanatoka, taka zinabaki. Hivyo yafaa kila askari na kila mama wa nyumbani afahamu jinsi figo zifanyavyo kazi, na vipimo vinavyoweza kufichua ugonjwa kabla haujakomaa.

FIGO ZILIVYO

Binadamu ana figo mbili zenye umbo la punje ya haragwe. Kila moja ina urefu wa sentimita 11 hivi na uzito wa gramu 150 hivi. Zimelala nyuma ya tumbo, kushoto na kulia kwa uti wa mgongo, chini ya mbavu za mwisho. Ile ya kulia hukaa chini kidogo kwa kuwa juu yake lipo ini.

Figo ikipasuliwa huonekana tabaka la nje na tabaka la ndani, na katikati mna uwazi unaopokea mkojo. Kutoka hapo mkojo hushuka kwa mrija hadi kwenye kibofu. Katika kila figo mna vichujio vidogo mno, wastani wa milioni moja, viitwavyo nefroni. Kila kimoja kina kifundo cha vishipa vya damu kilichozungukwa na kifuko, na baada yake mrija mwembamba uliojipindapinda.

MKOJO UNAVYOFANYIKA

Kila dakika figo hupokea zaidi ya lita moja ya damu. Katika kile kifundo, maji na vitu vilivyoyeyuka hupenya, bali chembe za damu na sehemu kubwa ya protini huzuiwa. Maji yanayochujwa kwa siku moja hufikia lita 180. Lau yangemwagwa yote, mtu angekauka na kufa upesi.

Hapo ndipo mirija ifanyapo kazi yake, mfano wa mama anayesafisha kabati: hutoa vyombo vyote nje, kisha hurudisha vinavyofaa na kuacha takataka. Sukari hurudishwa katika damu karibu yote, na maji na chumvi hurudishwa kadiri ya haja ya mwili. Kinachobakia ni lita moja au mbili za mkojo. Askari akitokwa na jasho jingi, ubongo huziamuru figo zibane maji, na mkojo huwa haba, wenye rangi iliyokoza.

VIPIMO VYA MKOJO

Mwaka 1827 tabibu Richard Bright wa hospitali ya Guy's, London, alionyesha uhusiano kati ya mwili kuvimba, mkojo wenye protini, na figo zilizoharibika. Siku zile mkojo ulichemshwa, na protini ikagandamana kama ute wa yai. Leo mtaalamu wa maabara huchovya kijiti chenye dawa katika mkojo, na rangi hubadilika palipo na protini, damu au sukari. Kisha kwa hadubini hutafuta chembe za damu, usaha, na mayai ya kichocho.

Lakini homa au mazoezi makali yaweza kuleta protini kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo kipimo hurudiwa baada ya mapumziko. Hata hivyo, mkojo mweusi baada ya mwendo mrefu haufai kupuuzwa. Mwaka 1881 tabibu Fleischer wa Ujerumani aliandika habari za askari kijana aliyepatwa na hali hiyo. Mara nyingine ni misuli iliyoumia inayomwaga vitu vyake katika damu na kuzilemea figo. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

VIPIMO VYA DAMU

Katika damu hupimwa yurea na kreatinini. Yurea huweza kupanda kwa sababu ya kula nyama nyingi au kukosa maji. Kreatinini hutoka katika misuli na ni shahidi bora zaidi, ingawa mtu mwenye misuli mikubwa huwa nayo nyingi kidogo. Ubaya wake ni kwamba yaweza kuonekana ya kawaida mpaka karibu nusu ya nguvu ya figo imekwisha kupotea.

Kwa sababu hiyo matabibu hukadiria, kwa kuangalia kreatinini, umri na jinsia, figo huchuja mililita ngapi kwa dakika. Kijana mwenye afya huwa na 100 hivi. Akidumu chini ya 60 kwa miezi mitatu, ana ugonjwa sugu wa figo. Akifika chini ya 15, huenda akahitaji mashine ya kusafisha damu au figo ya mtu mwingine.

NANI APIMWE?

Wenye kisukari, wenye shinikizo la damu, na wenye jamaa waliougua figo wapimwe mkojo na damu kila mwaka. Akina mama wajawazito wasikose kupimwa mkojo na shinikizo la damu kliniki, maana protini pamoja na shinikizo kubwa huweza kutangulia kifafa cha mimba. Na askari anayemeza ovyo vidonge vya maumivu kama diklofenaki, hasa akiwa na kiu na jasho, huziumiza figo zake mwenyewe.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa figo, hata ukuta huo haujengeki, kwa maana kichujio kilichokufa hakioti tena.