Kalibu za kupachikia risasi: Bei si kipimo pekee cha ubora

KATIKA mashindano ya shabaha ya F-Class, ambayo hufika hadi umbali wa yadi 1,000 (takribani mita 914), washindani wengi nchini Marekani hujiundia risasi wenyewe badala ya kutumia za dukani.

Risasi kamili ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Hatua ya mwisho ya kuiunda ni kupachika kichwa katika shingo ya ganda, kazi inayofanywa kwa kifaa cha chuma kiitwacho kalibu.

Mambo mawili hutafutwa: kichwa kiingie kikiwa kimenyooka, na kina chake kilingane katika kila risasi. Kichwa kilichopachikwa upande huingia mtutuni kimeinama, na kina kinapotofautiana, msukumo wa gesi nao hutofautiana.

Kalibu ya kawaida hufungwa kwenye mashine ya wenzo. Bei yake ni nafuu, lakini kina hurekebishwa kwa kuzungusha parafujo isiyo na vipimo, hivyo mtumiaji hulazimika kukisia na kupima tena na tena.

Kundi la pili ni la kalibu zenye maikromita, kama zile za Redding na Forster. Ndani yake kuna silinda inayoteleza, ambayo hushika ganda na kichwa katika mstari mmoja kabla ya kushindiliwa. Maikromita huwezesha kubadili kina kwa inchi 0.001, yaani milimita 0.025.

La tatu ni kalibu ya mkono, mathalani ya Wilson, inayotumiwa na mashine ndogo ya mezani. Hupendwa na walengaji wa benchrest, kwani mkono huhisi ganda ambalo shingo yake imebana au kulegea kuliko mengine. Kasoro yake ni kwamba kazi huenda polepole.

Hata hivyo, hakuna kalibu inayoweza kunyoosha shingo iliyokwisha kupinda wakati ganda lilipokuwa likirudishwa katika umbo lake. Kwa sababu hiyo, ni busara kupima unyoofu wa ganda tupu kabla ya kununua kifaa cha bei kubwa. Ikiwa ganda lenyewe limepinda, fedha hiyo itapotea bure.

Aidha, urefu wa risasi hupimwa kuanzia kitakoni hadi kwenye mviringo wa kichwa, si hadi nchani, kwa kuwa ncha hazilingani hata katika pakiti moja.

Suala la kina pia ni la usalama. Kichwa kikizama mno, nafasi ya baruti hupungua na shinikizo hupanda. Kikitokeza hadi kugusa michirizi ya mtutu, shinikizo hupanda vilevile. Ganda linaweza kupasuka na gesi ya moto kumrudia mpigaji usoni. Hivyo anayebadili kina hutakiwa kupunguza baruti na kuanza upya katika kiwango cha chini kilichomo kwenye jedwali la mtengenezaji.

Pale ambapo baruti imejaa kiasi cha kugandamizwa na kichwa, kalibu ya maikromita inaweza hata kuharibika. Kwa kazi hiyo, ile ya kawaida ndiyo inayofaa zaidi.